Mgomba Tuliouzika Kabla Yake

Ndugu yangu alikuwa mwanajeshi, na kuliko risasi alichukia swali moja la majirani. "Sasa nyinyi huko, mmeshinda ama bado?" Walikuwa wakimuuliza pale uani kwetu Kaloleni, Nairobi, kila akija likizo, mtu ana kikombe cha chai mkononi, kama anayeuliza matokeo ya mpira. Yeye anacheka kidogo, anasema bado tunasukuma, anaingia ndani. Huko ndani ndiko aliniambia ukweli. "Hakuna kushinda, siste. Sisi tunatengeneza barabara, wao wanaichimba. Tunasimamisha mlingoti wa simu, wanauangusha, tunausimamisha tena. Leo wanachukua mmoja wetu, kesho sisi tunachukua wa kwao. Tunasagana tu, kama kisu na jiwe la kunolea, kila upande unangoja mwenzake aishe." Nikamwambia kisu ndicho huisha kwanza, amuulize muuza nyama yeyote. Hakucheka.

Alikuwa kitinda mimba wetu na mimi ndimi wa kwanza. Wa katikati walikufa wachanga. Baba, aliyekuwa fundi wa reli, alifariki huyu akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Tukamlea mimi na mama, kwa cherehani yangu ya mapazia kule Gikomba na kwa mdomo wangu ambao haujawahi kuwa na breki. Alipochukuliwa jeshini nilipiga vigelegele hadi mtaa ukatoka nje. Nani asingepiga? Kazi ya serikali, sare, mshahara kila mwisho wa mwezi. Vita vya ng'ambo ya mpaka tulidhani ni vya msimu, vitapita. Kumbe! Akapelekwa, akarudi, akapelekwa tena, na kila akirudi kuna kitu amekiacha huko. Kwanza aliacha mzaha. Halafu usingizi. Mwishowe hata dagaa wa omena akaacha kula, yeye ambaye zamani tulikuwa tunamficha sufuria.

Mama ana sukari. Likizo ya mwisho ya ndugu yangu iliangukia Juni, na siku ya kliniki ya mama ikaangukia siku ya kusomwa bajeti. Tukaenda wote watatu. Kwenye baraza la kungojea kulikuwa na televisheni imetundikwa juu, waziri anasoma, na chini yake sisi wagonjwa na wenye wagonjwa tumebanana kwenye mabenchi. Muuguzi akatoka akatangaza kwamba dawa ya sindano imeisha, kila mtu akanunue nje. Alisema hivyo kwa upole, maskini, hata si kosa lake. Na dakika hiyohiyo waziri akafika kwenye ulinzi.

Nikasimama. Sikuweza kukaa. "Mmesikia? Ulinzi huo umeongezewa tena! Na sindano ya mamangu haipo. Hebu mniambie, huyo adui anayekuja kutuua ni nani, kama si hii sukari? Amevuka mpaka gani?" Baraza lote likaitikia. Mama mmoja aliyetoka Dandora na mtoto mgongoni akasema, "Waambie, mama, waambie!" Mzee mwenye mguu uliofungwa bandeji akapiga benchi kwa mkongojo. Ndugu yangu alikuwa ameketi kando yangu na sweta yake ya kijivu, hakuna aliyejua kazi yake. Mama alinifinya paja. Nami nilikuwa nimeshaota mabawa, sikufinyika.

Kelele zilipotulia ndipo ndugu yangu akasema, polepole, akiangalia sakafu. "Siste, wewe ukisikia ulinzi unafikiria risasi. Risasi tunazo. Mimi nikisikia ulinzi nafikiria tumbo la gari."

"Tumbo la gari?"

"Kuna gari lina tumbo nene, limechongwa chini kama mtumbwi. Bomu likilipuka chini yake, moto unatawanyika kandokando. Watu wanatoka wakiwa viziwi, wengine wamevunjika, lakini wanatoka. Na kuna yale mengine, ya bati. Yale mazuri ni machache. Asubuhi tukipangwa, kila mtu midomo inacheza, anaomba apangwe kwa lile la tumbo."

Mzee wa mkongojo akamwangalia upya. Mimi nikasema, na nilimaanisha, "Si mrudi nyumbani basi! Nani amewaomba mkae huko kusagwa?"

"Hilo ni swali lingine, na ni zuri. Waseme turudi, kesho niko hapa nakula ugali wako mbichi." Hapo ndipo alikaribia kutabasamu. "Lakini wakisema tukae, basi watununulie vitu vya kukaa navyo huko. Kukaa bila kununua, hiyo ya katikati, ndiyo inatuua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, siste. Nyinyi mnasikia tarakimu tu."

"Na mama? Mama afe?"

"Nani amesema ni mimi ama mama? Wewe ndiye umetuweka kwa mizani moja."

"Pesa ni zilezile, si mimi nimeziweka! Na nusu zinaliwa, kwani hujui?"

"Hata za sindano zinaliwa. Wewe umewahi kusema basi sindano zisinunuliwe?"

Mama alikuwa amesikia yote, amekunja mikono yake juu ya kadi ya kliniki. "Nyamazeni nyote wawili," akasema. "Nataka kwenda choo na miguu imekufa ganzi." Tukamshika huku na huku, tukampeleka.

Kabla ndugu yangu hajarudi kazini, mama alimwomba aache kazi. Hakumzungushia maneno. Alimwambia arudi aje auze mitumba nami, ashone, asukume mkokoteni, afanye lolote. Yeye akasema wenzake wako kule, hawezi kuwaacha. Mama akajibu, "Hao mimi sikuwazaa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimpikia chapati za safari akiwa anamnunia, akazifunga kwenye gazeti, na hakumsindikiza hadi barabarani kama siku zote.

Wakaja Jumamosi moja kabla ya mvua za vuli, nikiwa nafua. Wanaume wawili, mmoja ofisa na mwingine kasisi wa jeshi, wamepiga pasi mpaka unaogopa. Jirani yangu aliwaona kabla yangu akaweka beseni lake chini, na mimi nikajua. Msafara wao ulikuwa umelipuliwa barabarani, wakasema, kisha wakashambuliwa. Gari la ndugu yangu liliungua. Baadhi ya miili ilipatikana. Wa kwetu haukupatikana. "Kwa sasa hajulikani alipo, mama." Wakamwomba mama afungue mdomo, wakapangusa shavu lake kwa ndani na kijiti cha pamba ili siku ikihitajika DNA yake ilinganishwe na ya mwili. Mama alifungua mdomo kama mtoto.

Alichokishika mama ni neno hilo tu, hajulikani alipo. Asiyejulikana alipo, akasema, yuko mahali. Akawa hatembei bila simu, hata chooni. Nambari ngeni ikipiga anaikimbilia, na mara nyingi ilikuwa ni mtu wa kumwambia ameshinda zawadi. Watu wa mtaa walichanganyikiwa. Kwetu Kaloleni tunajua kuomboleza: unasikia mtu amekufa, viti vinatolewa, chai inapikwa, wanakwaya wanakuja, kamati inakaa. Lakini kwa mtu asiyejulikana alipo unaleta nini? Walikuwa wanafika mlangoni wanasema pole nusu, wanasita, wanaondoka. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Mama alikonda, sukari ikapanda, na hakulia hata tone, maana kulia ni kukubali.

Ndipo baba mdogo akaja kutoka nyumbani magharibi. Huyu ni mdogo wa marehemu baba, mtu mpole, anaongea akikwaruza goti lake. Akaeleza alichotumwa na wazee. Kwetu mtu akipotea asionekane, akafa majini au ugenini bila mwili, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukazikwa badala yake kwenye boma la babake. Asipozikwa hivyo hatulii, na nyumba aliyotoka haitulii. Wadogo zake wa ukoo hawawezi kuoa wakimruka. Mama yake hawezi kupona.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Shemeji," akasema, "huo mgomba haukunyonya kwangu."

"Najua, shemeji."

"Mwanangu akirudi akute mmeshamzika, ataingilia wapi?"

Baba mdogo alijua jibu. Mtu aliyezikwa kwa mgomba akirudi hapokewi kama mtu wa kawaida. Ni mpaka afanyiwe mambo mengi ndipo aguse hata kizingiti. Alikwaruza goti, machozi yakamtoka, naye mwanamume mzima. Mimi nilikuwa upande wake, na nilisema wazi. Nilimwambia mama anajiua kwa kungoja. Nilitaka alie. Nilitaka ale, alale, adungwe sindano yake bila kunisukuma mkono. Sijutii kusema. Tulizozana wiki nzima, baba mdogo akilala kwenye kochi letu, mpaka asubuhi moja mama akatoa sweta ya kijivu kutoka chini ya mto wake, akamwekea baba mdogo mapajani. "Nimechoka," akasema. "Fanyeni."

Tukaenda nyumbani. Wakaukata mgomba mbichi, mnene, wakauvika sweta na suruali, wakaufunga shuka, na maji yake yakawa yanachuruzika kwenye nguo. Vijana walioubeba walikuwa wanahema. Mama alisimama akitazama tu, mkavu, kama anatazama watu wakihama nyumba. Lakini udongo wa kwanza ulipoangukia shuka lile, woi, mamangu alianguka. Alilia kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu siku ya kijiti cha pamba, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni, akaviringika kwenye nyasi mpaka wanawake wanne wakamlalia. Alilia hadi sauti ikaisha. Na tuliporudi Nairobi akala. Akalala. Viatu vya ndugu yangu akampa kijana wa nyumba ya pili anayeenda kutafuta vibarua viwandani. Simu ikaanza kusahaulika juu ya meza. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na baba mdogo.

Juni nyingine ikafika. Bajeti ikasomwa, nami niko Gikomba kwenye cherehani, redio ya jirani imefunguliwa. Walipofika kwenye ulinzi nikaacha kukanyaga. Nilikuwa natega sikio nisikie kama kuna mtu atataja tumbo la gari. Hakuna aliyetaja, zilisomwa tarakimu tu, vilevile alivyosema. Mteja wangu, mwalimu aliyekuja kupima mapazia, akasema hawa wanajeshi wanakula nchi, afadhali pesa hizo ziende hospitali. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno, na nikamrukia! Nikamwambia anajua nini kuhusu gari la bati. Nikamwambia kama hataki kuwanunulia basi aende awatoe huko kwa mikono yake, asiwaache katikati. Mwanamke wa watu akachukua futi yake akaenda. Jioni hiyohiyo nikaenda kununua sindano ya mama nje, kwa sababu hospitalini haikuwepo, na njia nzima nikawa namgombeza ndugu yangu: umeona sasa? Umeona? Nilitaka yeye aishi na mama aishi. Mpaka leo sijui kwa nini hiyo ni tamaa kubwa hivyo.

Wiki chache baadaye ofisa yule akarudi, na kasisi yuleyule. Mama aliwakaribisha chai. Ofisa akasema eneo lile la barabara lilikuwa limechukuliwa tena na majeshi yetu, na pembeni yake, mbali kidogo na mahali gari liliungulia, masalia yalipatikana. Kilichopanguswa shavuni mwa mama kilikuwa kimelinganishwa. Ni yeye. Inaelekea alitambaa.

"Mwanangu nimeshamzika," mama akasema.

Ofisa akanitazama, akamtazama kasisi. Alikuwa kijana wa Pwani, kwa lafudhi yake. "Samahani, mama. Mmemzika... nani?"

Ikabidi mimi nieleze. Sijawahi kuona haya kwa mila za kwetu, lakini siku hiyo nilieleza habari ya mgomba na sweta nikiangalia ukuta. Ofisa hakucheka, namshukuru. Alivua kofia yake akaishika mapajani. Mama alikuwa anarudia neno moja tu, alitambaa, alitambaa. Kisha akaanza kulia upya, na kilio hiki kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu hakikuwa na sauti. Ile sauti alikuwa ameimalizia kwenye mgomba.

Nikampigia baba mdogo simu. Akaenda kwa wazee, akanipigia jioni. Wazee walikuwa wamekuna vichwa. Jambo hilo hawakuwahi kuliona, hata la kusimuliwa. Kaburi haliwezi kufunguliwa. Na kaburi la pili la mtu yuleyule kwenye boma lilelile haliwezi kuchimbwa, kifo kitajifunza njia ya kurudi hapo. Wakaomba muda, watafute kondoo wa kutakasa boma, watafute mzee wa ukoo mwingine anayejua. Nikawaka. Nikamwambia nyinyi ndio mlimkimbiza mama azike mti, sasa mtu amekuja mnamfungia lango! Baba mdogo masikini alikuwa analia huko upande wa pili, na mimi naendelea kumtwanga.

Mama akaninyang'anya simu. "Shemeji," akasema, bila hasira. "Usilie. Huko mmelaza mgomba, na nguo zake ziko huko, zinatosha. Huyu nitamlaza hapa."

Mtaa mzima ulishtuka. Watu wa kwetu hawazikwi mjini. Mjini ni kazini. Hata mtu aliyeishi Kaloleni tangu enzi za reli, siku ya mwisho anafungwa juu ya basi anapelekwa nyumbani, hata kama ni kwa mchango wa senti. Kuzikwa makaburi ya mjini ni kwa asiye na watu. Wazee wa kanisa walikuja kumshawishi mama, wakamwambia angoje kidogo. Aliwaambia amengoja, na wote walimwona akingoja.

Siku ya mazishi ilikuwa na jua kali. Wanajeshi sita walibeba jeneza lililofunikwa bendera, limepigwa misumari, tulikuwa tumeambiwa lisifunguliwe. Mama akataka kushika pembe moja. Wakamweleza kwamba utaratibu hauruhusu. Akabaki amesimama mbele yao, mkono ameunyoosha, mpaka ofisa akaashiria, na kijana wa nyuma akampa nafasi. Mama akaweka bega lake dogo chini ya mwanawe. Hatua chache tu, akasimama. Akanigeukia, akaniambia kwa lugha yetu ya nyumbani, wale vijana wasielewe: "Mgomba ulikuwa mzito kuliko huyu."

Nilishikwa na uchungu ambao sijui niuite nini. Nilitaka kumwambia mama huenda wamekosea mtu, tumwite ofisa. Nikamshika kiuno tu, tukaendelea kutembea.

Risasi za heshima zikapigwa. Bendera ikakunjwa, ikakunjwa tena, ofisa akaja nayo mikononi akapiga goti mbele ya kiti cha mama. Akasema maneno yake vizuri, kwamba nchi inamshukuru, kwamba hatasahaulika. Mama akaipokea bendera akailaza mapajani.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nina swali."

"Uliza, mama."

"Yule mliyempeleka mahali pa huyu wangu, anapanda gari gani?"

Ofisa akatazama bendera. Akasema mama asiwe na wasiwasi, vijana wote kule wamo katika maombi ya taifa zima, na sisi nyumbani tusichoke kuwaombea.

"Kuomba tutaomba," mama akasema. "Nimekuuliza gari."